Unga wa Perovskaiti Huvunja Rangi, Hauondoi Floraidi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza batiki hapa Ngaramtoni, Arusha, na kila nikimaliza kusuuza vitambaa hubaki na mabeseni ya maji ya buluu nisiyojua pa kuyamwaga. Kijana wangu aliyeko chuoni anasema upo unga uitwao perovskaiti ambao, ukitiwa majini na kuachwa juani, huondoa rangi. Je, ni kweli? Na je, utatusafishia pia maji ya kisima yanayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno?

JIBU: Mama, kuhusu rangi, mwanao amesema kweli. Perovskaiti ni madini yaliyogunduliwa katika milima ya Urali, Urusi, mwaka 1839, na siku hizi jina hilo hujumuisha jamii nzima ya vitu ambavyo atomu zake zimepangika kwa namna hiyohiyo. Mwanga ukiipiga punje ya unga huo, elektroni hung'oka na kuacha pengo, na viwili hivyo, vikikutana na maji na oksijeni, huzalisha chembe kali zinazoikatakata molekuli ya rangi mpaka, kazi ikikamilika, zibaki hewa ya ukaa, maji na chumvichumvi. Unga wenyewe haupungui kwa kazi hiyo. Ule wa strontiamu na titani hutaka miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, ambayo ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua, ilhali ule wa lanthani na chuma hutumia hata mwanga unaoonekana, nami nauona ndio unaolifaa jua letu.

Hata hivyo, maji yaliyopauka katika beseni lako si lazima yawe salama, kwa kuwa vipande vya rangi visivyoonekana huweza kusalia, na kostiki uliyotumia haiguswi kabisa. Unga nao ni lazima uchujwe. Perovskaiti zenye madini ya risasi, zinazofanyiwa utafiti wa paneli za jua, zisitiwe majini kamwe.

Madoa ya meno, ambayo yananiuma zaidi, ni jambo jingine. Huletwa na floraidi iliyozidi majini. Floraidi hiyo, inayotoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, si molekuli ya kukatwakatwa, kwa hiyo mwanga hauifanyi lolote, na kuchemsha huizidisha ukali kwa sababu maji hupungua, nayo floraidi ikabaki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Pimisha maji ya kisima chako kwanza. Yakizidi hapo, tumia chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi majini, kimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Mkaa huo huchoka, hivyo maji yapimwe tena mara kwa mara.