Sauti ya kichwani hainipi amani

SWALI: Shangazi shikamoo. Kila nikikosea hata kitu kidogo naanza kujitukana kichwani, "mjinga wewe, huwezi kitu", na nikijilazimisha kunyamaza ndo inazidi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwanza acha kupigana nayo, maana ukijikataza kuwaza kitu ndo unakiwaza zaidi, mwanasaikolojia Daniel Wegner alilijaribu hilo mwaka 1987, aliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe na bado akawa anawajia tu. We ikija usibishane nayo, sema "naona limenijia wazo kwamba mimi mjinga", yani unaliita wazo, sio ukweli, hapo linakuwa kitu unachokitazama kwa mbali kidogo. Au jiite kwa jina lako, ujisemeshe kama unavyomsemesha rafiki yako aliyekosea, naamini yeye usingemtukana hivyo. Haitaisha siku moja, itarudi hasa ukiwa umechoka au hujalala, iache ipite uendelee na ulichokuwa unafanya. Ila ikianza kukwambia bora usiwepo, tafadhali usikae nayo peke yako hata usiku mmoja, mwambie mtu unayemwamini na umwone daktari au mshauri nasaha.