Uliza Bibi Nesi: Maziwa hayaoshi salfa

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Tandahimba. Mume wangu anapuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho yetu na ya watu, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Akirudi ni wa njano mpaka kwenye kope, na usiku ni kukohoa tu. Wenzake wanamwambia anywe maziwa kila jioni yaoshe kifua. Maziwa huku ghali. Niendelee kununua?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukiyanunua, wape watoto.

Hili la maziwa nimelikuta kila penye vumbi: kwa wapaka rangi, wachomelea vyuma, vijana wa mashine za kukoboa. Wapo waajiri wanaogawa pakiti ya maziwa pahali pa barakoa, na mfanyakazi anapokea na kushukuru. Hebu jaribu hapo ulipo: meza mate huku unavuta pumzi. Umeshindwa, siyo? Ukimeza, njia ya hewa inajifunga. Maziwa yanashuka tumboni. Salfa imepita bomba la hewa mpaka mapafuni. Havikutani. Yanachoweza ni kulainisha koo lililokauka, na kazi hiyo maji ya uvuguvugu yanaifanya bure.

Salfa yenyewe si ya kuchezea. Mwaka 2017 watafiti wa California, Marekani, walitoa matokeo ya watoto wa bonde la Salinas, ambako nako hupuliza salfa mashambani. Kadiri salfa iliyotumika ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani ilivyokuwa nyingi, ndivyo pumzi ya mtoto ilivyoonekana dhaifu kwenye kipimo. Na hao walikuwa majirani wa shamba tu, hawakubeba mashine mgongoni.

Kwa hiyo hela ianze na barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile inayobana pua na mashavu. Kipande cha khanga hakizuii unga ule. Apulize alfajiri upepo ukiwa umetulia, aupe mgongo, nguo azivulie nje, aoge kabla hajambeba mtoto. Kifua kikipiga miluzi, asisubiri msimu uishe, aende kituo cha afya. Huenda ni pumu.

Chakula nacho kina kazi, ila siyo ya kufagia. Vumbi na moshi vinayachokoza mapafu yavimbe ndani kwa ndani, na vitamini C pamoja na vilivyomo kwenye mboga na matunda huusaidia mwili kupambana na madhara hayo. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanaokula matunda na mboga kwa wingi huwa na mapafu yenye nguvu zaidi, na ugonjwa wa moyo na kiharusi huwapata kwa nadra zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 kwa siku, ukijumlisha vyote viwili. Kipande cha papai, chungwa moja na bakuli la matembele, umefika au umekaribia. Miezi ya kupuliza, machungwa yapo. Ikifika Oktoba mabibo yanaanguka, nayo yana vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, lakini sisi tunang'oa korosho na kuliacha bibo lioze chini ya mti, au liende kwenye uraka, pombe ya mabibo. Likikukereketa koo, likate vipande, uloweke kidogo kwenye maji ya chumvi, usuuze, ule.

SWALI: Bibi shikamoo. Baba yetu aliugua TB, akamaliza dawa. Sasa anakohoa tena, anahema hata akitoka chooni, na suruali zinamvuka. Anachotaka ni ugali wa muhogo na ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) tu, tena tonge tatu ameshiba. Tumpikie nini? Kijana wa Mikindani.

JIBU: Marahaba. Kabla ya kupika, mpelekeni akapimwe makohozi. Kikohozi cha wiki mbili na kukonda, kwa mtu aliyewahi kuugua TB, hakikisiwi nyumbani. Inaweza kurudi. Kipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Apimwe na sukari pia, maana mwenye kisukari hupata TB kwa urahisi zaidi kuliko asiye nacho, na wengi hawajijui.

Majibu yakisema hakuna TB, huenda anahema kwa sababu ya makovu iliyoyaacha. Hapo chakula kinakuwa sehemu ya matibabu yenyewe. Mimi na wewe tunapumua bila kufikiri. Yeye kila pumzi ni kazi, na kazi inakula chakula. Kisipoingia cha kutosha, mwili unakula misuli yake wenyewe, ile ya kifua ikiwemo. Anakonda, anahema zaidi, anachoka kutafuna, anakonda tena.

Na msimlaumu kwa tonge tatu. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaoshuka mtu akivuta hewa. Tumbo likijaa ugali, msuli ule unakosa pa kushukia, ndiyo maana anahema akila. Basi mpeni kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Apumzike kabla ya kula, aketi wima, asilale akimaliza. Maji mengi na supu vije baada ya chakula, visimjaze mapema. Soda iacheni kabisa, inajaza gesi na sukari.

Muhogo peke yake ni wanga. Hauna protini ya kutosha kujenga msuli. Asubuhi mpikieni uji wa ulezi au mtama, mzito kiasi. Twangeni karanga au korosho zilizovunjika (mtaani huuzwa bei ndogo kuliko nzima, na utamu ni ule ule), ziwe laini kama unga, mtie vijiko viwili vikubwa uji ukiwa unachemka, mkoroge mpaka muone mafuta yakielea juu. Bakuli dogo tu hilo limebeba protini kuliko sahani ya ugali wa muhogo. Mchana mbaazi za nazi zilizopondwa. Zilowekeni usiku kucha na maji yale mkayamwage, zisimjaze gesi. Yai, dagaa, samaki mbichi wa mchuzi, chochote laini. Kisamvu cha nazi kisikose, mafuta ya nazi yanausaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo kwenye majani.

Ng'onda sitamnyang'anya, mzee wa pwani utamwambia nini. Lakini chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na kipande cha ng'onda kinaweza kuimaliza chenyewe. Samaki huyo mlowekeni usiku, mmwage maji, mmchemshe mara moja, mmwage tena, halafu msitie chumvi mchuzini. Mkiona miguu ya mzee imevimba, rudini hospitali, moyo nao huenda umechoka.

Tena msimpikie peke yake. Huko Jharkhand, India, familia za wagonjwa wa TB walipewa nafaka na kunde pamoja na vidonge vya vitamini, na utafiti huo uliotoka 2023 ukaona wagonjwa wapya wa TB ndani ya nyumba hizo wamepungua kwa karibu asilimia 40.

Mafiga nayo yahamishwe mbali na dirisha lake. Moshi wa kuni hauna mboga inayoufuta.

SWALI: Navuta sigara. Rafiki ameniuzia vidonge vya karoti vya kusafisha mapafu. Vinafaa? Dereva wa bodaboda, Lindi mjini.

JIBU: Havifai, na kwako ni hatari. Finland waliwafuatilia wavutaji wanaume zaidi ya 29,000. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Marekani jaribio kama hilo lilisimamishwa 1996 kabla ya wakati, kwa sababu hiyo hiyo. Karoti yenyewe, embe, papai, kula bila hofu. Kinachodhuru ni dozi kubwa ya kidonge ndani ya mwili wa mvutaji. Kuacha sigara ndiko kutakakokufaa, na zahanati watakushauri namna ya kuanza. Vidonge vilivyobaki, mrudishie huyo rafiki yako, ila muulize kwanza kama naye anavuta.