Mwanangu, kuhusu hilo jina letu

Mwanangu mpendwa,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikiwa naosha mboga, ya pili kitandani, ya tatu asubuhi kabla sijaanza kukuandikia hii. Unasema mtoto anakuja mwezi ujao na unataka kujua ukienda kumwandikisha uandike jina letu la ukoo Ng'humbi kama lilivyo au ufupishe tu uandike Ngumbi, maana umechoka, na mkeo mwenyewe mpaka leo halimtoki vizuri mdomoni. Halafu mwishoni ukasema kwa sauti ya chini, kama hutaki nisikie, "hivi kwanini hamkunipa jina rahisi." Hapo ndo palinikosesha usingizi, ndo maana nimeona niandike, kwenye simu ningelia tu.

Kwanza uchovu wako naujua, usidhani sikuuona. Nakumbuka darasa la kwanza mwalimu alikuita Ngumbi, ndani ya wiki moja wenzako wameshaligeuza Ngumi, ukarudi nyumbani shati limechanika kifungo hamna kwasababu kila mtu alitaka kupima kama kweli we ni ngumi. Nakumbuka cheti cha fomu foo kilipokuja hakina ile ritifaa, kile kialama cha juu baada ya Ng, na cha kuzaliwa kinayo, na siku unaenda kuripoti chuo wakakuweka benchi toka asubuhi hadi saa nane mchana wanakuuliza we ni yupi kati ya hawa wawili. Sasa na huko Dar umeniambia bosi wako anakuita Humbi, mhasibu anakuandika Nghumbu, na mlinzi wa getini ndo kabisa anasema "yule wa Dodoma". Ukiwarekebisha wanacheka wanasema si ndo hilo hilo. Mi hayo maneno "si ndo hilo hilo" yananiuma kuliko kosa lenyewe. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, moja ikikosewa wanakurudisha nyumbani, hakuna anayesema si ndo hiyo hiyo, ila jina la mtu herufi ikidondoka wanaona we ndo msumbufu.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kukaa nawe chini tukaongea. Mi jina langu ni Kokugonza. Unalijua kwenye makaratasi tu, maana hapa Dodoma hakuna anayeniita hivo. Nilipofika mwaka 1989, meli MV Victoria toka Bukoba hadi Mwanza, halafu treni mpaka hapa, nimevimba miguu na barua yangu ya ajira ya ualimu mkononi, karani wa kwanza kuisoma akasema "aah hili refu, tutakuita Koku." Nikasema sawa. Nilikuwa msichana mgeni, sikutaka kuonekana najidai. Ikawa Koku, mwalimu Koku, baadae mama Koku, wengine wanadhani Koku ni mtoto wangu. Kwetu Kihaya kugonza ni kupenda, na baba yangu alinipa hilo jina baada ya mama kupoteza watoto wawili kabla yangu, yaani lile lililokatwa ndo lilikuwa na maana yote. Koku peke yake ni mlango tu, nyumba imebaki nje. Miaka mingi nilijiambia sio kitu. Siku moja, baba yako ameshafariki, nikapigiwa simu na dada yangu toka Muleba akaniita Kokugonza, jina lote, polepole, nikagundua tangu baba yako aondoke sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote. Yeye ndo alikuwa peke yake hapa mjini analiita lote.

Na sasa nifike kwa Ng'humbi. Mwanangu mi nilikosea hilo jina kabla ya watu wote unaowalalamikia. Baba yako alinipeleka kwao Mvumi mara ya kwanza kutambulishwa, nimesimama mbele ya babu yako, nikamwamkia vizuri kabisa "shikamoo mzee Ngumbi." Uani pale shangazi zako wakacheka. Babu yako hakucheka. Alinyoosha kidole kwa kuku aliyekuwa anapita akaniuliza kwenu huyu anaitwaje, nikasema enkoko, akasema sawa, kwa Kiswahili kuku, sisi kwetu ni ng'huku. Sema. Nikasema nguku. Akasema hapana, akachukua mkono wangu akaugeuza akaniambia weka mgongo wa kiganja hapo chini ya pua, sasa anza kama unasema ng'ombe lakini pumzi itoke puani kama unapuliza kitu, ukisikia joto kwenye mkono ujue umepata. Tukakaa pale mi na baba mkwe tunapuliza pua kama watu wenye mafua, kuku wanazunguka, chai inapoa. Nafikiri nusu saa ilipita. Joto lilipokuja mkononi alitabasamu akasema haya sasa niamkie tena.

Ndo hivo nilivojifunza, na kama unavyojua Kigogo sikijui hata leo zaidi ya salamu ya mbukwenyi na maneno ya sokoni, ila jina la ukoo wa mume wangu nalitamka kama mtu wa Mvumi. Nilikuwa na miaka 23 na ulimi wa Kihaya. Kwahiyo mtu mzima akikwambia hawezi, mwanangu, jiulize kwanza kama kuna mtu aliwahi kumfundisha. Wengi hawajafundishwa. Kile kipumzi cha puani Kiswahili hakina, ndo maana sikio linakipita, na mtu hawezi kuandika asichosikia. Wagogo wanacho kila mahali, tembo kwao ni nhembo, kuku ni ng'huku, vijiji vingapi vina hiyo sauti. Panda daladala ya kwenda kule karibu na chuo kikuu, konda anaita "Ng'ong'ona Ng'ong'ona!" na kata yenyewe inaandikwa Ng'hong'onha, hiyo pumzi imo mara mbili na yeye kaiacha yote stendi. Mpwapwa wazee wanaiita Mhamvwa. Kikuyu ya hapa mjini ni Chikuyu. Hata Dodoma wazee wanasimulia lilitoka kwenye idodomya, kwamba imezama, wengine wanasema ni tembo alizama kwenye tope wengine wana hadithi ya ng'ombe, ila neno ni hilo, na wageni walivyolisikia wakaandika walivyosikia na leo tunaishi kwenye kosa la mtu mwenye kalamu. Na ni jiji, tangu 2018, hakuna wa kulirudisha.

Ila nisikudanganye kwamba kila anayekosea hana hatia, mi mwenyewe ninayo. Kabla sijaolewa nilipangiwa shule moja upande wa Kwa Mtoro, wakati huo bado ni Kondoa, wilaya ya Chemba haijakatwa. Watoto wengi wa pale ni Wasandawe, na Kisandawe kina zile sauti za kugonga ulimi, vidoko, herufi zetu haziwezi kuzishika. Kulikuwa na kabinti kamoja, jina lake linaanza na kidoko, nikiita mahudhurio nalikwama. Siku ya tatu nikamwambia we kuanzia leo ni Maria. Nikaandika Maria kwenye rejista kwa wino. Hakubisha. Alikuwa na miaka nane angebisha vipi na mimi nimeshika fimbo? Lakini nikimwita Maria alichelewa kuitika, kila siku, kama mtu anayeitwa toka mbali, na mi nikamwandika mzito wa kusikia. Sikumuuliza hata siku moja anifundishe kama babu yako alivyonifundisha mimi baadae. Pale Mvumi mkono wangu uko chini ya pua nilimkumbuka yeye na niliona aibu ambayo sijaimaliza. Ningekuwa najua alipo ningemwomba msamaha.

Kwahiyo kuna asiyejua na kuna asiyetaka. Asiyejua mfundishe. Asiyetaka, yule umemwambia mara nne bado anasema Humbi na anacheka, huyo usimpunguzie jina ili yeye apumzike. Mwambie kwa heshima "naitwa Ng'humbi" kila mara, hata kama ni mara ya mia. Bosi wako anataja majina ya wachezaji wa Ulaya yenye konsonanti sita bila kukwama, nimemsikia mwenyewe siku ile nimekuja ofisini kwako, hawezi kusema hana ulimi.

Sasa makaratasi, na hapa naomba uwe makini kwasababu hapa sio hisia tena. Baba yako alipofariki 2016 nilikuta ana majina matatu. Barua ya ajira Ngumbi, kadi ya benki Nghumbi, cheti cha ndoa Ng'humbi. Yeye enzi zake aliona haina shida, karani akikosea anasema acha tu, watu wote wananijua. Ofisini nilipoenda kufuatilia mafao yake hakuna aliyemjua. Yule kijana wa dirishani akaniambia mama hawa ni watu watatu, marehemu ni yupi. Mwanangu, miaka 24 nimelala na huyo mtu naambiwa ni watu watatu. Nilienda kwa mtendaji kuandikiwa barua, nikaenda kwa wakili kuapa kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, nikarudi wakasema kiapo kimesahau jina la kati, nikaenda tena. Miezi kumi na moja. Ada yako ya mwaka wa mwisho nililipa kwa kuuza mbuzi wa Mvumi, ulikuwa hujui, nilikwambia hela ya baba imetoka.

Usimwachie mwanao hiyo kazi. Siku akizaliwa, pale pale hospitali, kabla nesi hajajaza tangazo la kizazi, we andika jina lote kwenye karatasi safi kwa herufi kubwa, na ritifaa ionekane, mpe anakili, halafu soma alichoandika kabla muhuri haujagongwa. Wala usione haya, simama hapo hapo dirishani usome herufi moja moja. Cheti cha kuzaliwa kitafuata kile kilichoandikwa hapo, na shule itafuata cheti, na kila kitu kitafuata shule, ikikosewa pale inakosewa mpaka kaburini. Kompyuta nyingine zinakataa ile alama, nimeliona hilo nilivyokuwa namsaidia binamu yako kujaza maombi ya chuo, fomu ikawa inamwambia herufi haziruhusiwi. Ikikataa kabisa andika Nghumbi, ritifaa ikae pembeni ila h usiiachie, maana h ndo pumzi yenyewe, bila hiyo tunarudi kwenye ngumi. Na iwe hivo hivo kila mahali ilipokataa, usibadilishebadilishe. Na wewe mwenyewe likizo hii uende kwa wakili ukaape kiapo cha majina yako, vyeti vyako vyote visomeke ni mtu mmoja, uweke nakala kwenye lile faili la bluu.

Ukiamua hata hivyo kulifupisha, ni wewe baba wa mtoto, sitakununia. Sheria inaruhusu, kuna hati ya kubadili jina unasajili kwa Msajili wa Hati. Lakini umeniuliza mimi na mi nakujibu: mwandike Ng'humbi. Umeuliza kwanini hatukukupa jina rahisi. Tulilifikiria. Baba yako mwenyewe alisema pale wodini labda tuweke tu jina lake la ubatizo liwe la mwisho, mtoto asisumbuke. Mimi ndo nilikataa, mimi Mhaya nisiye hata na tone la damu ya Mvumi. Nilishakatwa langu nikanyamaza, sikuweza kusimama pale na kisu kingine nikate la mzee aliyenishika mkono nusu saa nzima.

Kuhusu mkwe wangu, asijisikie vibaya hata kidogo, mtu wa Lindi alisikia wapi hiyo sauti? Na we usimcheke, na dada zako nimewakataza. Jumapili baada ya ibada nitapiga kwa video, mwambie akae mahali penye utulivu na aweke mgongo wa kiganja chini ya pua. Tutaanza na kuku.

Mama yako,
Kokugonza