Championship League ya snuka: kwa nini aliyefungwa fainali unamkuta tena kundini

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kwa nini Championship League inachezwa kwa makundi badala ya mtoano, kwa nini mtu aliyefungwa fainali ya kundi anaonekana tena mezani kwenye kundi linalofuata kana kwamba hakuna kilichotokea, na kama bingwa wake anaokota pointi za viwango vya dunia. Waliotangulia wamekujibu kwa mkato kwamba ni mashindano ya wacheza kamari, basi. Sikubaliani nao, ingawa hawajadanganya kabisa. Nimeyafuatilia kwa miaka, mara nyingi yakiwa yamekaa pembeni ya skrini huku nafanya shughuli nyingine, na baadaye klabuni kwetu tukauchukua mfumo wake kuuchezea ligi ya ndani. Kwa hiyo ngoja nikujibu kwa kirefu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu huelewi kitu. Toleo la asili, lile la mwaliko lililoanzishwa na kampuni ya Matchroom mwaka 2008, lina wachezaji 25. Kundi la kwanza lina watu saba. Kila mmoja anakutana na wenzake wote sita, na anayetangulia kufikisha fremu tatu (fremu ni mchezo mmoja wa kuingiza mipira mifukoni hadi mezani paishe) ndiye mshindi wa mechi. Hapo una mechi 21. Wanne wa juu wanaingia nusu fainali, halafu fainali, jumla mechi 24, na zote zinapigwa ndani ya siku mbili. Mshindi wa fainali anaaga, anakwenda kusubiri Kundi la Washindi. Wa sita na wa saba wanafungasha virago. Waliobaki ni wanne: aliyefungwa fainali, wawili walioishia nusu fainali, na yule wa tano ambaye hata nusu fainali hakuinusa. Hao wanaongezewa wapya watatu, kundi la pili linaanza. Mchezo ni huo huo hadi kundi la saba, kisha washindi saba wanakutana kwenye kundi lao kumtafuta bingwa. Jumlisha yote, unapata mechi 192 kwa kombe moja.

Ndiyo, ni nyingi kupita kiasi kama lengo lingekuwa kumpata bingwa tu. Lakini lengo halikuwa hilo peke yake. Mwanzoni zawadi kubwa ya bingwa ilikuwa nafasi ya kucheza Premier League Snooker, ligi ya televisheni ya Matchroom yenye ile saa ya sekunde 25 kwa kila pigo. Ligi hiyo ilipomalizika mwaka 2012, tiketi ikahamia Champion of Champions, mashindano ya mabingwa wa mashindano mengine, yaliyorudi mwaka 2013. Na hao wanaosema habari ya kamari wana hoja hapa: mechi fupi zinazofuatana kutwa nzima zilionyeshwa kwenye tovuti za kubashiri, na wenye tovuti hizo wanahitaji kitu kipo hewani muda wote. Miaka ya mwanzo yalikuwa yanachezewa Crondon Park, klabu ya gofu kule Essex, Uingereza, bila mtazamaji hata mmoja ukumbini. Ukifungua matangazo unasikia chaki ikisugua ncha ya fimbo, viatu kwenye zulia, na refa akihesabu kwa sauti ya chini kama yuko maktaba. Kwa mtu aliyezoea Crucible ya Sheffield, ukumbi wa mashindano ya dunia, mara ya kwanza unadhani umefungua mazoezi ya watu.

Sasa, mazoezi hayo yalinishika kwa sababu moja, na ndiyo ninayotaka uitazame: pesa ya kila fremu. Kwa miaka mingi kila fremu uliyoshinda kwenye hatua ya makundi ililipwa pauni 100, hata kama mechi yenyewe umepoteza. Bingwa wa mwisho alikuwa anachukua pauni 10,000 za kulishinda Kundi la Washindi, ambazo kwa viwango vya mabingwa wa snuka si fedha ya kutikisa ukumbi. Lakini pesa ya fremu inabadilisha tabia ya mtu mezani kuliko kombe lenyewe.

Fikiria kundi lolote la michezo unayoijua. Siku ya mwisho mmoja tayari ameshatoka, mwingine anahitaji ushindi ili apite. Aliyetoka ana sababu gani ya kujitutumua? Huo ndio ugonjwa wa makundi yote duniani, na ndipo tuhuma za kupanga matokeo huzaliwa. Hapa dawa yake imewekwa ndani ya mfumo. Aliyeshika mkia bado ana fremu za kulipwa, na yule anayepigania nafasi ya tano anajua kila fremu inaingia kwenye tofauti ya fremu zake. Kufungwa 3-0 na kufungwa 3-2 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nitakupa picha ya karibu ambayo utaiona sana ukikaa nayo. Mtu yuko nyuma 2-0. Fremu ya tatu imebaki mipira sita tu ya rangi mezani, jumla yake pointi 27, naye yuko nyuma kwa 30. Kwenye mashindano makubwa, mechi ya mtoano, wengi hapo wanatazama meza, wananyoosha mkono, wanakwenda kuoga. Huku haendi. Anaucheza mpira mweupe pembeni, taratibu, auvizie nyuma ya kahawia ili njano isionekane. Mpinzani anakosa kuigusa njano, refa anatoa pointi nne za adhabu. Sasa yuko nyuma kwa 26, na rangi zote bado zipo. Anasafisha njano, kijani, kahawia, anakwama kwenye buluu, wanarushiana kinga, yaani mapigo ya kumnyima mwenzako nafasi, kwa muda mrefu ukumbi ukiwa kimya, mwishowe anaiingiza, kisha pinki na nyeusi. Ameshinda fremu kwa pointi moja, halafu anapoteza mechi 3-1. Ukisoma matokeo kesho yake unaona 3-1, unapita. Lakini jioni ile ile msimamo ukifungwa, unakuta yuko wa tano kwa tofauti ya fremu moja, na kesho yake ana kundi jingine la kuchezea.

Ndiyo maana nakwambia usikae na kombe kichwani ukitazama hatua za awali. Tazama mstari ulio kati ya wa tano na wa sita. Juu kule, wa kwanza hadi wa nne kwenye msimamo wanapishana kidogo tu, maana mtoano unafuta karibu kila kitu. Mkasa uko kule chini.

Hili nililiamini zaidi baada ya kuliona kwa macho klabuni. Msimu wa kwanza tuliweka kombe tu, makundi ya watu saba, mtindo huo huo. Ilipofika raundi za mwisho waliokwishatoka wengine hawakutokea, na waliotokea walipiga ili wamalize wakanywe chai. Msimu uliofuata mfuko wa michango ukagawanywa kwa fremu. Mabadiliko yalikuwa ya kuchekesha: watu wazima wakaanza kubishana kama nyeusi imegusa kabla ya buluu, kwenye fremu ya mwisho ya mtu wa mwisho. Tatizo tulilobaki nalo ni muda. Mechi 21 kwa meza moja, kwa wachezaji wa ridhaa ambao fremu moja inaweza kula dakika 40, ni kazi ya wiki kadhaa, si ya siku mbili. Tuliishia kuyakata makundi yawe ya watu wanne, kila mtu mechi tatu, jumla sita.

Je, mfumo ni wa haki? Hapa nitatofautiana na wapenzi wenzangu wa mashindano haya. Si wa haki, na haujifichi. Aliyepangwa kundi la kwanza anaweza, akiendelea kunusurika, kupata nafasi saba za kuingia Kundi la Washindi. Anayeingia kundi la saba anayo moja. Tena hao wa mwanzo kila wanapobaki wanaendelea kulipwa fremu. Kuna ubishi wa zamani kwamba ni bora kufungwa fainali ya kundi la kwanza kuliko kuishinda, kwa sababu aliyeshinda anakaa nyumbani anasubiri, aliyefungwa anaendelea kuokota. Mimi nauona ni utani zaidi ya hoja, kwa sababu Kundi la Washindi ndilo lenye fungu nono na tiketi, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba kundi la pili hutakuwa wa sita. Kitu kinachowaumiza wanaorudi ni uchovu. Kinachowasaidia ni kwamba meza wameshaijua: kasi ya kitambaa, mito ya kingo za meza inavyorudisha mpira, mifuko ya kona inavyopokea au kukataa. Kwa niliyoyaona, siku ya kwanza ya kundi wanaorudi wanatamba, siku ya pili wageni wanawafikia. Usibishane nami kwa takwimu, ni jicho tu.

Na wachezaji hujitoa katikati, hasa ratiba ikigongana na mashindano ya viwango, nafasi zao zikajazwa na wengine. Kwa hiyo orodha uliyoiona mwanzo wa msimu usiishikilie sana.

Pamoja na yote hayo, orodha ya mabingwa si ya kubahatisha. Joe Perry alikuwa wa kwanza mwaka 2008, akimfunga Mark Selby fainali. Judd Trump alilichukua mwaka 2009 akiwa na miaka 19, akalirudia 2014 na 2016. John Higgins alilibeba mara mbili mfululizo, 2017 na 2018. Halafu hapo hapo katikati unamkuta Martin Gould na mataji mawili, 2013 na 2019, na Scott Donaldson aliyeshinda mapema mwaka 2020 kwa kumfunga Graeme Dott 3-0. Hiyo ndiyo raha ya mfumo huu: mtu ambaye asingevuka raundi tatu za mtoano mbele ya umati, humu kwenye ukimya anapata mdundo, na mdundo ukishakaa unaona breki za mia, yaani pointi mia au zaidi kwa mfululizo bila kukosa, zinavyomiminika. Mashindano haya haya makavu ndiyo yaliyozaa breki ya 147, ile ya juu kabisa, ya David Gilbert mwezi Januari 2019, iliyoingia kwenye kumbukumbu kama breki rasmi ya 147 kwa mara ya 147. Hata mtunzi wa hadithi asingethubutu.

Mabadiliko makubwa yalikuja Juni 2020. Janga la korona lilikuwa limefunga kila kitu, na snuka ikawa miongoni mwa michezo ya kwanza kurudi hewani Uingereza kwa kutumia jina hili hili. Ilikuwa rahisi: mashindano ambayo tayari yalizoea kuchezwa bila watazamaji, wachezaji wafungiwe Marshall Arena, Milton Keynes, na hoteli hapo hapo. Safari hii walikuwa 64, makundi 16 ya watu wanne, mechi za fremu nne, kwa hiyo sare ya 2-2 ikaruhusiwa, ushindi pointi tatu, sare moja. Washindi wa makundi walipangwa upya kwenye makundi mengine hadi likabaki moja, na Luca Brecel wa Ubelgiji akaibuka bingwa. Miaka mitatu baadaye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia pale Crucible, akimfunga Selby 18-15.

Sare ilileta ladha nyingine ambayo mimi naipenda kuliko hata ile ya makundi ya watu saba. Mtu akiwa nyuma 2-0 hawezi tena kushinda, ila anaweza kunyang'anya pointi mbili za mwenzake kwa kusawazisha. Unaona mtu aliyeongoza 2-0 anaanza kucheza kwa woga, anakinga mipira aliyokuwa anaipiga macho yakiwa yamefumba fremu mbili zilizopita.

Mfumo huo wa wanne haukuondoka. Kuanzia msimu wa 2020/21 kukawa na toleo la pili lenye wachezaji 128 katika makundi 32, na hilo ndilo linalotoa pointi za viwango. Lile la mwaliko likaendelea kivyake na watu wake 25, bila pointi hata moja. Hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu jina ni moja na meza zinafanana. Njia rahisi ya kujua unatazama lipi ni kuhesabu majina kwenye msimamo: ukiona saba, ni la mwaliko, ukiona wanne na sare zimo, ni la viwango. Isipokuwa video za Juni 2020, ambazo zina makundi ya wanne na sare lakini hazikuwa na pointi za viwango, kwa hiyo ukikutana nazo angalia tarehe kabla hujaanza kubishana na mtu.