Kronstadt: maswali yenu kuhusu kuiasi serikali ya mapinduzi

Tangu niandike juu ya uasi wa Kronstadt wa Machi 1921, maswali hayakauki. Kwa aliyepitwa: mabaharia wa ngome hiyo, iliyo kisiwani karibu na Petrograd, waliwaasi Wabolsheviki, chama kilekile walichokisaidia kushika dola mwaka 1917. Nimeokota maswali machache.

Utaiasije serikali ya mapinduzi, kisha ujiite mwanamapinduzi?

Anza na walichokidai. Februari 1921 wafanyakazi wa Petrograd waligoma kwa njaa na baridi, na serikali ikajibu kwa amri ya hali ya hatari. Mabaharia wakatuma wajumbe wakajionee. Waliporudi na habari, tarehe 28 Februari, manowari Petropavlovsk ikapitisha azimio la vipengele 15: mabaraza ya wafanyakazi, yaani sovieti, yachaguliwe upya kwa kura ya siri, wafanyakazi na wakulima wawe huru kusema na kuandika, wafungwa wa vyama vya kisoshalisti waachiwe, mgawo wa chakula uwe sawa kwa wote, mkulima ailime ardhi yake apendavyo, mradi asiajiri kibarua. Hapo nani kaomba mfalme arudi?

Kwa waanarkisti, yaani wanaotaka jamii isiyo na dola, ubishi unaishia hapo. Mapinduzi yalifanywa na watu viwandani, mashambani na melini. Chama kilikuja kuchukua funguo. Bakunin, anarkisti wa Urusi aliyefukuzwa katika jumuiya ya kimataifa ya wafanyakazi mwaka 1872 baada ya kugombana na Marx, alikuwa ameshaonya kwamba dola itakayoshikwa na wachache kwa niaba ya wafanyakazi itazaa tabaka jipya la mabwana. Kwa hiyo anayeiasi serikali hiyo hajayasaliti mapinduzi. Anadai chake.

Basi waanarkisti ndio waliouongoza?

Hapana, ingawa wengine hupenda kusimulia hivyo. Kamati ya waasi iliongozwa na Stepan Petrichenko, karani wa Petropavlovsk. Azimio liliwadai waanarkisti uhuru wa kusema, lakini halikusema dola ivunjwe. Kropotkin, mwanafikra wao mkubwa, alikuwa amefariki Februari hiyohiyo, na waanarkisti wengi walikuwa gerezani.

Lakini si wangewafungulia mlango majenerali wa mfalme?

Hili ndilo swali zito, na sitalipitia juujuu. Wabolsheviki walimtaja Kozlovsky, jenerali wa zamani wa mfalme aliyekuwa ngomeni. Ni kweli alikuwepo. Walichokinyamazia ni kwamba aliwekwa pale na wao wenyewe kusimamia mizinga. Ni kweli pia kwamba wakimbizi wapinga mapinduzi huko Ulaya walishangilia na kutaka kupeleka misaada. Ila jeshi la jenerali Wrangel, la mwisho kubwa upande wao, lilikuwa limeshafukuzwa Crimea Novemba 1920. Lenin mwenyewe, kiongozi wa Wabolsheviki, kwenye mkutano mkuu wa chama mwezi huo wa Machi, alikiri kwamba wale wa Kronstadt hawawataki wapinga mapinduzi, na serikali yake pia hawaitaki.

Mwandishi Victor Serge, aliyewahi kuwa anarkisti, aliwaona mabaharia wana haki, lakini akakiunga mkono chama kwa moyo mzito: kikianguka, alihofu, yatafuata mauaji makubwa zaidi. Ni hoja ya zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi hainiridhishi, maana zimwi lile lilikula kweli: ngome ilipoanguka tarehe 18 Machi, watu kama 8,000 walikuwa wakikimbilia Finland kwa miguu juu ya barafu, na mamia ya waliobaki wakapigwa risasi.

Waanarkisti Emma Goldman na Alexander Berkman walikuwa Petrograd. Walifanya nini?

Walifukuzwa Marekani Desemba 1919 na kuja Urusi wakiwa na matumaini makubwa. Tarehe 5 Machi waliiandikia sovieti ya Petrograd, pamoja na wenzao wawili, wakiomba itumwe tume ya watu watano, wawili kati yao waanarkisti, ikasuluhishe kwa amani. Siku hiyohiyo Trotsky, mkuu wa jeshi la Wabolsheviki, alitoa amri: jisalimisheni bila masharti. Tarehe 7 mizinga ikaanza, na Goldman na Berkman wakawa wanaisikia ikinguruma mjini. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameondoka Urusi.

Mabaharia walikosea wapi kivita?

Walingoja. Maofisa waliwashauri wavuke kwenda bara wakateke mji wa Oranienbaum. Wakakataa, hawakutaka kuwa wa kwanza kumwaga damu. Barafu ingeyeyuka baada ya wiki chache, na hapo askari wa miguu wasingeifikia ngome. Tukhachevsky, kamanda wa mashambulizi ya serikali, alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa na haraka.

Waanarkisti wangeyalinda vipi mapinduzi bila serikali?

Huwataja wapiganaji wa Makhno, anarkisti wa Ukraine, waliokuwa wakichagua makamanda wao. Walipigana bega kwa bega na Jeshi Jekundu, la Wabolsheviki, dhidi ya Wrangel, kisha likawageukia Novemba 1920. Sawa, lakini Makhno naye alikuwa na kikosi cha ujasusi kilichoua watu bila kesi. Wanaompenda hulitaja hilo kwa sauti ya chini.

Ile manowari Petropavlovsk iliishia wapi?

Ilibadilishwa jina, ikaitwa Marat. Mwenzake katika uasi, Sevastopol, ikaitwa Komyuni ya Paris, kwa heshima ya wananchi wa Paris walioiasi serikali yao tarehe 18 Machi 1871, miaka 50 kamili kabla ya Kronstadt kuanguka.