Valvu ya Aota kwa Wenye Magonjwa ya Viungo: Maswali Yenu

Nina baridi yabisi kwa miaka mingi. Daktari ameniandikia eko ya moyo (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti) ingawa kifua hakinisumbui. Je, kuna haja? (Msomaji, Tanga)

Ipo, hasa ikiwa alisikia mvumo usio wa kawaida alipousikiliza moyo wako. Ugonjwa unaoshambulia viungo huweza kunenepesha pia valvu ya aota, yaani mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni na kuingia aota, mshipa mkuu unaoipeleka mwilini. Mara nyingi athari hiyo ni ndogo, lakini mtu mwenye magoti yanayouma hatembei haraka wala hapandi ngazi, kwa hiyo hapati nafasi ya kugundua kwamba pumzi inamwishia.

Je, hiyo ni sawa na homa ya rumatiki aliyougua mwanangu? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Homa ya rumatiki hufuata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokokasi, na huharibu zaidi valvu ya mitrali, yaani mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Ya aota kwa kawaida huathirika pamoja nayo. Hapa eko ina faida ya pekee, kwa sababu huona madhara kabla ya dalili. Katika utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2022, watoto 818 waliogunduliwa mapema kwa eko walifuatiliwa kwa miaka miwili: ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano za penisilini kila mwezi, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Asikose sindano zake.

Kaka yangu ana ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo. Eko imeonyesha kwamba valvu ya aota inavuja na shina la aota limetanuka. Sasa ameandikiwa MRI (picha inayopigwa kwa sumaku). Je, eko haikutosha? (Msomaji, Dodoma)

Katika ugonjwa huo, ambao wataalamu huuita spondilitisi ankilosi, ukuta wa aota huvimba pale unapoanzia moyoni na kubaki na makovu. Shina hutanuka, vipande vya valvu hunenepa na kufupika, na visipokutana damu hurudi nyuma kila moyo unapotulia. Eko ndiyo kipimo cha kwanza, nami naona kwamba ikifanywa na mpimaji mvumilivu huzidi picha nyingi za gharama kubwa. Huonyesha mkondo wa damu inayorudi, ambao ukizidi upana wa milimita 6 mahali ulipo mwembamba zaidi huashiria uvujaji mkubwa, na huonyesha pia iwapo chumba cha kushoto cha moyo kimeanza kutanuka. Hata hivyo, eko ya kifuani huona vizuri sehemu ya mwanzo tu ya aota. MRI huiona aota yote ya kifuani na kupima ujazo wa damu inayorudi, ambapo mililita 60 au zaidi kwa kila pigo ni nyingi mno.

Kuna jambo husahaulika: kulala chali bila kujigeuza kwa nusu saa au zaidi ni adhabu kwa mtu aliyepinda mgongo. Awaeleze wahudumu mapema wamwekee mito. Ikishindikana, CT, yaani picha ya eksirei ya kompyuta, hupigwa kwa sekunde chache, ingawa ina mionzi. Aulizie pia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwa kuwa makovu hayohayo huweza kukatiza njia za umeme wa moyo.

Nina lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe) na nimepata kiharusi. Eko ya kifuani haikuona kitu, lakini daktari anataka kupitisha kifaa kooni. (Msomaji, Mombasa)

Ana sababu. Mwaka 1924 Emanuel Libman na Benjamin Sacks walieleza vinyama vidogo, visivyo na bakteria, vinavyoota juu ya valvu. Kwa wenye lupasi hupatikana zaidi kwenye mitrali, kisha aota, hasa damu ikiwa na kingamwili zinazoigandisha. Vikimeguka, vipande vyake huweza kufika kwenye ubongo. Kifaa cha eko kinachopitishwa kooni hukaa karibu kabisa na moyo, ndiyo maana huviona vile vinavyofichwa na mbavu na mapafu. Picha peke yake haiwezi kuvitofautisha kwa uhakika na maambukizi ya valvu, kwa hiyo damu yako ioteshwe maabara pia kuona kama ina vijidudu, ikiwezekana kabla ya kuanza antibayotiki yoyote.