Kapi za demani zikifa, pima kamba kwanza kabla hujatoa hela

Mwaka jana kipindi cha kusi tulitoka Msasani watu wawili na kimashua changu cha faiba, futi 14, tunaelekea Bongoyo, upepo mzuri tu wala sio wa kutisha. Nikasikia "tap!" mgongoni halafu demani, ile kamba ya kuvutia na kuachia tanga, ikalegea mkononi kama kuna mtu kaikata kwa kisu. Kapi ya tanga kubwa, ile puli inayopitisha kamba hiyo, ilikuwa imeachana vipande viwili, ribiti (kile kipini kinachoishika) imekatika, roda, yaani kigurudumu cha ndani, ishazama zamani. Bumu, ule mti wa chini wa tanga, likafyatuka lote mpaka likagonga waya wa mlingoti, na mwenzangu kama asingeinama kuchukua maji ya kunywa saa ileile sijui ningemwambia nini mkewe. Tukarudi na tanga dogo la mbele peke yake, mdogo mdogo, hakuna aliyekuwa anaongea.

(Najua shuleni tulifundishwa kapi moja, makapi mengi, ila kwangu mimi makapi ni ya mchele, kwa hiyo humu naandika kapi hii, kapi hizi, mtanivumilia.)

Sasa kosa langu la kwanza. Nilienda Kariakoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikatoka na kapi ya kisima. Chuma kimepakwa zinki, nzito kama jiwe la mizani, jamaa ananambia "broo hii inanyanyua saruji". Na kweli inanyanyua, sikatai, lakini saruji inapanda taratibu na kushuka taratibu, demani unavuta unaachia unavuta unaachia mchana kutwa, tena kwenye chumvi. Wiki ya tatu ikaanza kulia. Mwezi wa pili inatoa machozi ya kutu, tanga langu likapata madoa ambayo mpaka leo hayajatoka, na upepo ukiwa mdogo tanga haliendi nje kabisa kwa sababu kamba inagoma kupita, inabidi uisukume kwa mkono.

Nikachukua kapi zote, ile iliyovunjika na zile zilizobaki, nikampelekea mzee mmoja fundi wa ngalawa pale ufukweni. Nikampa shikamoo, nikamwaga mzigo wangu mchangani nikijua ataniambia kapi ipi ni imara. Hakuzigusa. Akaomba kamba.

"Hii umeinunua ya kufungia nini?"

Nikamwambia ni ya milimita 12 mzee, nilitaka iwe na nguvu.

"Mwanangu, wewe unavuta tanga au unavuta meli?" Ndo akaokota kipande cha kapi iliyokufa, akapitisha ukucha kwa ndani ya shavu, ule ubavu wa kapi. Kulikuwa na mfereji, umechimbika vizuri kabisa, pande zote mbili. Ile kapi ilitengenezwa kwa kamba ya milimita 8, mi nikailazimishia 12, kwa hiyo roda ilikuwa haizunguki hata kidogo, kamba inasugua mashavu tu, inayapanua kila siku kidogo mpaka ribiti ikachoka. Mwaka mzima nalalamika kapi mbovu kumbe naiua mwenyewe.

Kwa hiyo ukitaka kununua kapi anza na kamba. Kwa kimashua cha saizi yangu kamba ya milimita 8 ina nguvu ya kutosha na kubaki, ukienda 10 ni kwa ajili ya viganja vyako tu maana nyembamba inakata mikono. Kisha tafuta kapi ambayo kamba hiyo inapita na nafasi inabaki pande zote, na roda iwe pana kiasi, kamba ikipindwa kwenye kiroda kidogo inakuwa ngumu kuvuta na inaisha mapema. Zile kapi zenye roda ya milimita 40 za wenzetu wa mashindano, za kampuni kama Harken na wengine, nyingi zinapokea kamba mpaka milimita 10, na kwa boti ndogo hiyo inatosha.

Nguvu je? Hapa wengi tunaogopa bure, na uoga una gharama. Kuna hesabu ya makadirio: chukua ukubwa wa tanga kwa mita za mraba, zidisha kwa spidi ya upepo kwa noti (maili za baharini kwa saa), zidisha tena kwa spidi hiyohiyo, halafu mara 0.021, jibu linakuja kwa kilo. Tanga langu ni mita za mraba 9, upepo wa noti 10 napata kama kilo 19, upepo wa noti 20 napata 76. Umeona? Upepo umeongezeka mara mbili, mzigo mara nne. Demani yangu inapita mara tatu kati ya bumu na boti, kwa hiyo hizo 76 kila mkono wa kamba unabeba kama 25. Kapi ambayo kamba inaingia na kurudi ilikotoka inabeba mara mbili ya hapo, yaani 50. Kamba ikikunja kona ya nyuzi 90 ni mara 1.4 hivi ya hizo 25, ikipinda kidogo tu nyuzi 30 ni kama nusu yake. Sasa kapi iliyoandikwa kilo 200 za kazi inanitosha, hata bumu likiruka ghafla upande wa pili, ambapo mzigo unapanda sana kwa sekunde moja. Ila soma vizuri, kuna namba ya kazi na kuna namba ya kuvunjika, wauzaji wanapenda kukuonyesha ile kubwa.

Zenye gololi ndani weka kwenye demani maana ndo kamba unayochezea muda wote. Kwenye henza, kamba ya kupandishia tanga, usihangaike, ile unavuta mara moja unafunga, na gololi za plastiki zikikaa na mzigo mzito bila kuzunguka zinabonyea. Roda za nailoni za bei chee achana nazo, nailoni inakunywa maji na kuvimba, dukani inazunguka kama feni, ikikaa baharini inabana. Na nenda na sumaku mfukoni, ikinasa kwa nguvu kwenye kile unachoambiwa ni stenlesi, rudisha. Isiponasa bado sio uhakika kwamba ni ile daraja ya 316 ya baharini, lakini walau umeondoa uongo wa wazi.

Kapi ya meno, ile inayolia "trrr" na kukusaidia kushikilia tanga, ni raha sana upepo ukipanda, ila inashika upande mmoja tu. Mi niliipitisha kamba kinyume, wiki mbili namwambia kila mtu ni mbovu, mpaka mtoto wa jirani ndo akaniuliza mbona inagoma kuzunguka ukivuta, halafu ukiachia ndo inazunguka.

Matunzo hayana mambo mengi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi ukirudi, basi. Grisi usipake, inakamata mchanga. Na plastiki ikianza kuwa nyeupe kama imepakwa unga, jua la kwetu hili limeshaila, usisubiri ipasuke.

Mimi saivi nina kamba ya milimita 8, kapi mbili za gololi na moja ya meno, nililetewa na jamaa kwenye begi akitoka Ulaya. Ile ya zinki nimempelekea mama kule Mkuranga, iko kisimani, hailii wala nini.